Bibi Tofali, Aliyekataa Mungu Asingiziwe

Alizaliwa juma la pili la Kwaresima, katika chumba kilichoegemea banda la kukaushia matofali, kando ya mto. Baba yake alikuwa mchoma matofali. Mama yake alichota maji ya kazi hiyohiyo, maana udongo haukandwi kwa mate. Wanasimulia kwamba uchungu ulimshika mama akiwa na ndoo kichwani, naye akaitua taratibu bila kumwaga hata tone, akasema, "Kwanza maji, halafu mtoto," ndipo akaingia ndani. Siku hiyo tanuri lilikuwa limetoka kuwashwa na baba hakuweza kuuacha moto. Alimwona binti yake jioni, uso wake baba umejaa masizi, na mtoto badala ya kulia akapiga chafya. Wakunga wakacheka wakasema huyu moshi ameshauzoea tangu tumboni. Alibatizwa Pasaka ileile, naye maisha yake yote hakuhama mahali pale pa udongo, maji na moto, ila kwa miezi michache ambayo tutaieleza.

Alipokuwa na miaka mitano mama yake alifariki akimzaa mtoto wa pili, wa kiume. Wanawake walijaa chumbani, mmoja anakunja nguo, mwingine anamshika kichanga, na kila aliyeingia alisema maneno ambayo sote tumeyasema na tumeambiwa: "Kazi ya Mungu haina makosa." Yule binti aliyasikia mara nyingi, mpaka akamfuata baba yake aliyekuwa amekaa nje juu ya rundo la kuni, akamvuta shati. "Baba, Mungu si ana Mama yake tayari? Wa kwetu alimtakia nini?" Yule baba hakupenda kuulizwa. Hakuwa mtu wa maneno. Akasema tu, "Nenda kamshike mdogo wako, analia." Binti akaenda akamshika, na waliowaona wanasema tangu saa hiyo ni kama hakumtua tena. Alimbeba mgongoni akiwa anafagia, akiwa anageuza matofali juani, akiwa anasema sala zake. Mgongo wa dada ndio uliokuwa uwanja wa mtoto yule, na ndipo alipojifunza kusema.

Mtoto alikua, akawa mtu wa mbio. Alikula mbio, akafunga vifungo vya shati mbio, kimoja juu kimoja chini, akasali "Baba Yetu" akawahi kufika "Amina" wakati wengine wako kwenye mkate wa kila siku. Wachoma matofali wakamwita Haraka, na hawakuchoka kumtania: "Haraka, baraka umeiacha wapi?" Naye anajibu, "Inakuja nyuma, inatembea." Dada yake alicheka na wote, lakini jioni alimkalisha akamfungua vifungo akavifunga upya. Dada mwenyewe alisoma miaka minne tu ya shule na mafundisho ya kipaimara, kisha akaingia kazini pamoja na baba.

Yafaa tueleze kazi hiyo kidogo, kwa sababu humo ndimo Mungu alimofundishia. Udongo hukandwa, hutiwa kwenye kalibu ya mbao, hukaushwa kivulini kisha juani. Matofali makavu hupangwa yakawa kama nyumba isiyo na mlango, yakaachiwa matundu ya kuni chini, na nje yakakandikwa tope ili joto lisitoroke. Moto huwaka siku kadhaa, kisha matundu huzibwa na tanuri huachwa lipoe lenyewe. Sasa, hata fundi awe hodari vipi, matofali ya upande wa nje, hasa upande wa upepo, hayaivi. Kwa macho ni mekundu kama mengine. Ukiligonga lililoiva kwa kipande cha nondo, linalia kama kengele ndogo, na bichi linanyamaza. Na hilo linalonyamaza likinywa maji ya mvua linarudi kuwa udongo.

Baba yao alikuwa na sheria mbili, na alizishika kama amri. Ya kwanza, kila tofali ligongwe mara mbili, siku ya kufungua tanuri na siku ya kupakia. Bichi lipigwe mstari wa chokaa, liwekwe kando. Ya pili, bichi halitupwi. Wachoma matofali wengine waliyamwaga mtoni au waliyauza kwa siri kwa wasiojua. Yeye aliyarudisha kwenye tanuri lililofuata, safari hii ndani kabisa, kwenye joto. "Halina kosa," alikuwa akisema. "Halijapata moto wa kutosha. Linarudi." Binti aliyasikia maneno hayo tangu utoto, wala hakujua yatakuja kuwa injili yake.

Alipofikisha umri wa kuolewa, akatamani utawa. Alikwenda kwa masista, akabisha hodi, akapokelewa, akakaa nao miezi michache akifua na kusali, na alikuwa na furaha. Ndipo zikaja habari kwamba kifua cha baba kimejaa moshi na hawezi kusimama. Alikwenda kwa Mama Mkuu akilia, akamweleza kwamba hajui Mungu anamwita wapi, huku au kule. Mama Mkuu alikuwa mzee mwenye mzaha. Akamwambia, "Mwanangu, Mungu ana sauti moja, lakini baba yako ndiye anayekohoa. Nenda. Na msalaba wako usiuache hapa, hapa tunayo mingi." Akarudi nyumbani, akavaa tena nguo za kazi, akamuuguza baba na kuliendesha tanuri pamoja na Haraka.

Siku ya mwisho baba alimwita karibu. Alikuwa anaongea kwa kuvuta pumzi. "Uliniuliza kitu zamani, nikakwambia nenda kamshike mtoto." Binti akasema, "Nakumbuka, baba." Mzee akasema, "Jibu sijalipata mpaka leo. Ila hili nimeliona kwa macho yangu: nyie wawili mmekua bila mama, na haikuwa nguvu zangu. Nani alikuwa pamoja na sisi? Yule aliyekuwa pamoja na sisi siwezi kuamini ndiye aliyetuibia." Akapumzika. Maneno hayo binti aliyaweka moyoni, kama Mama wa Bwana alivyoyaweka ya Mwanawe.

Baada ya mazishi ya baba alianza utume ambao hakuna aliyemtuma. Kila palipokuwa na msiba, alikwenda. Hakuwa mhubiri. Alikuwa akiingia, anamshika mfiwa mkono, halafu anapotelea nyuma ya nyumba kuosha vyombo. Wengine wanaondoka baada ya maziko, yeye anabaki siku mbili tatu, anapepeta, anachota, anamlaza mtoto. Wakati wenzake wakisema, "Ndiyo mapenzi ya Mungu, vumilia," yeye alikuwa kimya. Watu walidhani ni aibu ya shule ndogo. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alisema baadaye, "Wote walinipa maneno, yeye alinipa sufuria safi." Hapo ndipo watu walipoanza kumwita Bibi Tofali, naye hakuwa bibi bado, ila alikuwa mtu wa kuegemewa.

Basi, ikawa ule mwaka wa mvua nyingi. Miezi michache kabla, wakati wa kiangazi, mji ulikuwa umejenga ukuta mrefu mahali pa kufulia nguo, kuwakinga wafuaji na upepo. Matofali yalitoka kwenye tanuri la Bibi Tofali. Siku ya kupakia yeye hakuwepo. Alikuwa msibani, upande wa pili wa mji, kwenye vyombo vyake. Haraka ndiye aliyesimamia. Wakati huo alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto. Wiki hiyo ilinyesha manyunyu yasiyo ya msimu, na ile chokaa kwenye matofali mabichi, ambayo ilikuwa haijakauka, ilichuruzika ikaosheka. Mabichi na yaliyoiva yakafanana. Na lori liko mlangoni, dereva anapiga honi, anasema akiondoka harudi. Haraka aliona weupe umetota chini ya rundo. Aliuona. Sheria ya baba ilisema kugonga upya. Akatazama lori, akajisemea, "Si yote," akawaita vijana wapakie.

Mvua za masika zilipokuja ukuta ulikunywa maji siku baada ya siku. Asubuhi moja, baada ya Dominika ya Matawi, uliinama kama mtu anayesinzia ukaanguka. Chini yake kulikuwa na binti wa miaka tisa, mtoto wa pekee wa mfua nguo ambaye mji mzima ulimwita Mama Povu, kwa ajili ya sabuni iliyokuwa haimtoki mikononi. Mtoto alikuwa anamwanikia mama shuka. Hakuteseka. Walipomtoa bado ameshika kibanio cha nguo.

Msiba wake uliujaza mji. Na kila aliyeingia alisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Paroko naye, mtu mwema, mwenye huruma, alisema hivyo hivyo juu ya jeneza kwa sababu hakupata lingine la kusema. Ndipo Mama Povu aliposimama. Hakuwa analia, tangu mwanawe aondolewe chini ya ukuta hakuwa ametoa chozi. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa bei sokoni, "Kama hii ndiyo kazi yake, basi simtaki. Mwambieni hivyo, nyie mnaoongea naye." Watu wakaguna. Wakamvuta akae. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakasema, msimhesabie. Lakini alipofika nyumbani alitoa rozari shingoni akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani.

Bibi Tofali alikuwa ameosha vyombo vya msiba ule. Alipotoka alipita mafulioni, akaingia kwenye kifusi, akaokota nusu tofali lenye alama ya dole gumba, alama ya tanuri la baba yake. Akaligonga kwa funguo zake. Likanyamaza. Akaligeuza, na katika kona ambayo mvua haikufika, akaona mstari mwembamba wa chokaa. Wanawake waliokuwa wanafua walimwona akikaa chini kwenye tope bila kujali nguo, akiwa amelipakata lile tofali kama mtoto.

Alimkuta Haraka kwenye banda anakanda udongo. Akaliweka tofali juu ya meza ya kalibu. Haraka akalitazama, miguu ikasimama ndani ya udongo.

"Dada, mimi sikujua."

"Uliona chokaa?"

"Niliona. Nikasema si yote."

"Mdogo wangu, mama wa mtoto amemkana Mungu. Anadhani ni Yeye."

"Na nikisema ni mimi, mtoto atafufuka?" Haraka alianza kulia huku anaongea. "Dada, nina watoto. Mke wangu ana mimba. Tanuri litafungwa, mimi nitafungwa, wewe utakula nini? Mungu ni mkubwa, dada. Yeye lawama anaiweza. Mimi nitavunjika."

Bibi Tofali alimfuta uso kwa khanga yake, kama zamani, kisha akasema maneno ambayo leo yameandikwa juu ya mlango wa banda lile: "Lawama yetu alishaibeba mara moja, pale msalabani. Usimtwike tena."

Lakini hakumlazimisha. Alimwambia atangoja. Wiki ya Pasaka ikapita, ya pili ikapita, na Haraka akawa anamkwepa, anakuja kazini mapema na kuondoka mapema. Safari hii mbio zake zilikuwa za mtu anayefukuzwa. Bibi Tofali alikwenda kwa paroko, akamweleza ya kwake, si ya mdogo wake. Padre alisikiliza akashika kichwa. "Mama," akasema, "hata mimi nilisema yale maneno." Akajibu, "Baba, sote tumeyasema. Ni mazuri. Ila tunayatumia kama mkeka, kila kilicho kibaya tunakifunika." Padre akamwambia aseme kweli, na aiseme ya upande wake tu, na akampa baraka. Siku hizo alikuwa na mzani moyoni. Damu nzito kuliko maji, na yule aliyekuwa upande mmoja wa mzani alikuwa mtoto aliyemlea mgongoni. Upande wa pili alikuwa mama asiye na mtoto, na sasa asiye na Mungu.

Misa ya kumwombea yule binti ilikuwa Jumamosi kabla ya Pentekoste. Mama Povu alikuja, lakini hakuingia. Alisimama nje dirishani, akasema amekuja kwa heshima ya mtoto. Kabla ya baraka ya mwisho paroko aliuliza kama kuna mwenye neno, na mzee wa kanisa akasimama akaanza, "Ndugu zangu, kazi ya Mungu…" Bibi Tofali, ambaye hakuna aliyewahi kusikia sauti yake kanisani ila kwenye nyimbo, akasimama kwenye benchi la nyuma. "Niwie radhi, baba yangu," akamwambia mzee. Kisha akawageukia watu. "Kazi ya Mungu haina makosa. Hiyo ni kweli. Lakini ule ukuta haukuwa kazi ya Mungu. Ulikuwa kazi yetu. Matofali yalikuwa mabichi, yametoka tanurini kwangu, na mimi siku ile sikuwepo kuyagonga. Msimsingizie Mungu. Hakuua mtoto wa mtu."

Ikasikika miguu ya Mama Povu akiingia mlangoni. Alipita katikati ya mabenchi, akasimama mbele yake.

"Kwa hiyo ni nyie?"

"Ni sisi, mama."

"Siyo Yeye?"

"Siyo Yeye."

Mama Povu akamzaba kofi, kofi la mkono uliozoea kupiga nguo kwenye jiwe, na Bibi Tofali hakuinua mkono kujikinga. Halafu yule mama akabaki amesimama, na sauti ikamtoka ndogo kama ya mtoto: "Kwa hiyo hakumchukua?"

"Hakumchukua. Sisi tulimwangushia ukuta. Yeye alimpokea."

Mama Povu akakaa chini, palepale sakafuni kati ya mabenchi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia. Alilia mpaka mishumaa ikazimwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia nyamaza.

Polisi walikuja mchana uleule. Walimwuliza nani alipakia. Bibi Tofali, ambaye hakuwa anajua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa, alijibu, "Tanuri ni langu. Ya mwingine muulizeni mwingine." Wakamweka ndani. Mjini wapo waliomtukana, wapo waliosema anajifanya mtakatifu kwa gharama ya ndugu zake, na wenye kununua matofali wakahamia kwingine. Haraka alikuwa kitandani amejifunika gubigubi, anasema ana homa. Mkewe, ambaye alikuwa mwanamke mpole, akalivuta shuka. "Baba watoto, wifi yangu alikubeba mgongoni ukiwa mchanga. Leo amekubeba tena. Utashuka lini?"

Haraka akaamka, akanawa uso, akavaa shati. Mkewe anasema alifunga vifungo kimoja kimoja, vyote vikakaa mahali pake. Akaenda kituoni kwa miguu, polepole, akasema mbele ya wote, "Aliyepakia ni mimi. Chokaa niliiona." Bibi Tofali aliachiwa. Haraka alihukumiwa miaka miwili, na hakukata rufaa. Dada yake alikuwa anamtembelea kila mwezi na mkate na sabuni. Hakumpunguzia uzito wa kosa, wala hakumwacha aubebe peke yake.

Tusidhani kwamba Mama Povu alisamehe siku ile. Hayo ni ya kwenye hadithi. Alirudi kwa Mungu kabla ya kurudi kwa watu. Rozari aliitoa kwenye msumari, lakini Bibi Tofali akimsalimu njiani, alikuwa anatema chini. Kisha siku moja ya Majilio alitokea kwenye banda, mikono kiunoni. "Nionyeshe," akasema. Bibi Tofali hakuuliza nini. Alichukua matofali mawili akampa kipande cha nondo. Mama Povu akagonga la kwanza, likalia. Akagonga la pili, likanyamaza. Akaligonga tena na tena, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo anajua haina mtu. Halafu akauliza swali ambalo kila mmoja wetu analo: "Sawa, ukuta mliujenga nyie. Mbona Yeye hakuuzuia? Mkono anao."

Bibi Tofali akasema, "Sijui, mama. Nimeuliza tangu nina miaka mitano. Nikifika kwake nitamwuliza. Ila nitakuwa namwuliza Baba yangu, siyo adui yangu, na hilo peke yake limenitosha kufika hapa." Mama Povu akaiweka nondo chini. "Ukitangulia, uliza na la kwangu," akasema. "Nikitangulia mimi, nitauliza yote mawili, na nitauliza kwa sauti." Wakacheka, wote wawili, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikaisha. Kesho yake alirudi. Aliacha kufua nguo za watu, akawa mgongaji wa tanuri lile. Hakuna tofali lililotoka pale bila kupita mikononi mwake. Alikuwa anasema, "Hili la ukuta wa mtoto wa nani?" ndipo anagonga. Wanunuzi wakarudi mmoja mmoja, kwa kuwa mjini hapakuwa na matofali mengine ambayo mama aliyefiwa aliyasikiliza hivyo.

Haraka alitoka gerezani akamkuta mama huyo mlangoni pa banda, nondo mkononi. Vijana wa kazi wakaacha kukanda. Bibi Tofali akabaki amesimama na ndoo kichwani, anaogopa hata kuitua. Haraka akapiga magoti kwenye tope.

"Umekuja na gari?" Mama Povu akauliza.

"Hapana, mama. Kwa miguu."

"Kutoka kule kote?"

"Kutoka kule kote."

"Basi polepole umejifunza." Akainama akaokota tofali lenye mstari wa chokaa, akamwekea mikononi. "Inuka. Hili linarudi ndani, katikati kabisa. Si ndivyo baba yenu alivyosema? Halitupwi."

Waliokuwepo wanashuhudia kwamba ndipo Bibi Tofali alipoitua ndoo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwaga maji yote.

Waliishi na kufanya kazi pamoja miaka mingi. Mambo ya ajabu yanayosimuliwa juu yake ni machache, na tunayatoa kama tulivyoyapokea. Wanasema mwaka mmoja mvua ya ghafla ilishuka wakati tanuri liko kwenye moto wake mkali, matofali ya shule yakiwa ndani. Alipiga magoti mbele ya matundu akasali, na mvua ikanyesha huku na huku ikapaacha pale, kama mtu anayeruka dimbwi. Haraka akiulizwa anasema yeye alikuwa anakimbiza mabati ya kufunika, hakuona vizuri. Mama mwingine, aliyekuwa bubu kwa huzuni baada ya kuzika mapacha wake wawili, alikaa naye jikoni siku tatu bila neno, wakiosha vyombo vilevile ambavyo vilikuwa safi tayari. Siku ya nne yule mama akasema, "Mungu wangu," akaendelea kusali. Na tangu ukuta ule, hakuna ukuta uliojengwa kwa matofali ya tanuri lile ambao umeanguka. Atakaye aite muujiza, atakaye aite kugonga mara mbili. Yeye mwenyewe alikuwa haoni tofauti.

Uzeeni moshi ulimkuta kama ulivyomkuta baba yake. Alilala katika chumba kilekile alimozaliwa, dirisha wazi ili asikie matofali yakigongwa. Alipopakwa mafuta matakatifu aliwaita karibu, Haraka upande mmoja, Mama Povu upande wa pili, akasema kwa pumzi fupi: "Msiseme amenichukua. Mimi nakwenda mwenyewe, nimeitwa kula." Kisha akamwambia Mama Povu, "Swali lako ninalo." Akafa asubuhi ya Jumatano ya Majivu, wakati watu wanatoka kanisani na majivu kwenye paji la uso.

Siku ya maziko, kanisani, pakawa na jambo geni. Watu walijaa, lakini hakuna aliyejua aseme nini. Kila aliyekaribia jeneza alikuwa anafungua kinywa, anakumbuka, anakifunga. Hata paroko mpya, ambaye alikuwa amesimuliwa yote, alikuwa anazungukazunguka maneno. Ndipo Mama Povu, mzee tayari, mgongo umepinda, akasogea mbele akiegemea mkono wa Haraka. Akamtazama marehemu kitambo, mikono ile iliyopasuka kwa udongo, uso ule ambao yeye mwenyewe aliupiga kofi. Akainua kipande chake cha nondo na kuligonga jeneza taratibu, mara mbili, kama ilivyo sheria. Akawageukia watu.

"Hii sasa," akasema, "hii ndiyo kazi ya Mungu. Na haina makosa."

Na kanisa zima likajibu, "Amina."

Sisi tuliobaki, basi, tumwige katika hili. Ukiingia kwenye nyumba ya msiba, maneno yasitangulie mikono, sufuria zipo. Ukiona ubaya, usikimbilie kuandika jina la Mungu juu yake. Gonga kwanza. Kama sauti inayotoka ni ya kosa lako, liseme, hata likikuangusha, kwa kuwa yuko mama mahali ambaye anasubiri kusikia kwamba Baba yake si muuaji. Kama hujui ubaya umetoka wapi, sema hujui, ubaki na mfiwa. Na ukikutana na mtu ambaye moto haukumfikia vizuri, kumbuka tanuri lile kando ya mto, ambalo linawaka hadi leo. Anayelisimamia ni mzee mmoja wa vifungo vilivyonyooka, mtaratibu kuliko wote. Vijana wakimharakisha, lori liko mlangoni, anawaambia, "Lingoje." Halafu anainua nondo ya Mama Povu na kusikiliza.